Fundi wa Laini za Stima na Sisi Tulio Chini ya Posti



Stima ikipotea usiku wa mvua, sisi huwasha koroboi au tochi ya simu na kuanza kulalamika. Maziwa ya kikundi yataharibika, mashine ya posho imesimama, kinyozi amefunga kibanda. "Hawa watu wa stima wamelala wapi?" Ni mara chache tunajiuliza yule atakayekuja kupanda posti ni nani, amejifunza wapi, na ni kitu gani kitamrudisha kwa watoto wake akiwa mzima.

Katika toleo hili tunataka kueleza kazi ya fundi wa laini za stima. Tuna sababu mbili. Kwanza, vijana wengi katika vikundi vyetu wanaitamani kazi hii, na wengine tayari wanachimba mashimo ya posti kama vibarua. Pili, maisha ya fundi huyu hayako mikononi mwake peke yake. Yako pia mikononi mwetu sisi tulio chini. Kuna mambo ya kawaida tunayofanya kijijini ambayo yanaweza kumuua mtu aliye juu ya posti, na hata tusijue kwamba sisi ndio tumemuua.

STIMA INAFIKAJE KIJIJINI?

Stima ya Kenya hutoka mahali pengi: mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani kule Marsabit, na kwingineko. Ili isafiri mbali bila kupotea njiani, hupandishwa nguvu hadi volti 132,000, au 220,000, au 400,000. Hizo ndizo laini za minara mirefu ya chuma. Volti zikiwa nyingi, waya haupati joto jingi na stima haipotei sana njiani.

Ikikaribia miji na vijiji, stima huingia katika vituo vya kuipunguza nguvu. Kutoka hapo hutembea juu ya posti za miti au za saruji ikiwa na volti 33,000 au 11,000. Halafu inafika kwenye transfoma, lile sanduku la chuma lililotundikwa juu ya posti, ambalo linaishusha hadi volti 415 za mashine kubwa na 240 za nyumbani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tunaona posti ya mti na waya mwembamba, tunadhani ni stima ileile ya taa ya jikoni. Kumbe waya wa volti 11,000 una nguvu zaidi ya mara 45 kuliko ule wa nyumbani. Tena waya huo hauna plastiki juu yake. Ni chuma kitupu. Kinachozuia stima isishuke kwenye posti ni vile vikombe vinavyoshika waya, pamoja na hewa iliyo katikati. Stima hiyo haingoji mpaka uguse. Ukiisogelea kupita kiasi, inaweza kuruka hewani ikufikie.

KAZI YA KUJENGA LAINI

Kazi huanza kabla ya shimo la kwanza. Wapimaji hupita wakitafuta njia ya laini, na wenye mashamba huombwa ruhusa laini ipite kwao. Mkiombwa ruhusa hiyo, someni karatasi pamoja kama familia kabla ya kutia sahihi. Ulizeni miti gani itakatwa, na baada ya hapo ni nini mnaweza kupanda chini ya waya.

Halafu mashimo huchimbwa. Kipimo kinachojulikana ni kugawanya urefu wa posti kwa sita. Kwa hiyo posti ya mita 12 huingia ardhini karibu mita 2. Shimo fupi ni deni, maana upepo na mvua vitakuja kulidai. Posti za miti huwa za mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani ili usiliwe na mchwa. Pale ambapo laini inakata kona au inaishia, posti huvutwa na waya mnene unaoshuka hadi ardhini. Waya huo ndio unaizuia posti isilale.

Baadaye mafundi hupanda, hufunga mbao au vyuma vya kupitisha waya, huweka vikombe, na kuvuta waya. Wengi hudhani waya ukilegea kidogo ni uzembe. Sivyo. Jua likiwaka waya hurefuka, na usiku wa baridi hujikunja. Ukikazwa sana mchana, usiku unaweza kukatika au kuvuta posti. Ukilegezwa sana, unashuka karibu na vichwa vya watu na mizigo ya malori. Fundi mzuri anajua kiasi.

Mwisho hufungwa transfoma, fyuzi zake, vifaa vya kuikinga na radi, na waya wa kuiunganisha na ardhi. Laini hupimwa kabla ya kuwashwa.

KAZI YA KUTENGENEZA

Ujenzi una ratiba, lakini ukarabati hauna. Simu hulia wakati wa mvua kubwa za Machi hadi Mei, wakati wa vuli, usiku wa manane, na hata siku ya Krismasi. Mti umeangukia waya, radi imepiga, gari limegonga posti, au ndege mkubwa amegusa nyaya mbili kwa wakati mmoja. Hata mnyama mdogo anatosha. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mashine zikazimika moja baada ya nyingine, na karibu nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa.

Kazi ya kwanza ya fundi ni kutafuta. Hufuata laini akitazama juu, wakati mwingine kwa miguu kupitia mashamba na mabonde. Kitu kimoja anachotafuta hata wewe unaweza kukiona. Kwenye posti ya transfoma kuna fyuzi ndefu kama mirija. Zikiwa nzima hukaa zimefungwa. Moja ikiungua hufunguka na kuning'inia chini. Ukipiga simu ukasema, "Fyuzi moja ya transfoma inaning'inia," umemsaidia fundi sana. Lakini usiisogelee. Fundi mwenyewe huishika kwa fimbo ndefu maalum isiyopitisha stima.

HATUA TANO KABLA YA KUGUSA

Fundi aliyefundishwa vizuri hagusi waya kwa sababu mtu amemwambia, "Tumezima." Kuna hatua tano, na zinafuatana:

1. Zima na utenganishe. Swichi hufunguliwa, na sehemu ya kufanyia kazi hukatwa kutoka kila upande ambao stima inaweza kuingilia.

2. Zuia isiwashwe tena. Kufuli hutiwa na kibao huwekwa: "Watu wako kazini." Kibali cha kazi huandikwa na kutiwa sahihi. Hakuna mwingine wa kuwasha mpaka mwenye kibali akirudishe.

3. Pima. Kwa kifaa cha kupimia, fundi huhakikisha laini haina moto. Kifaa chenyewe hujaribiwa kwanza kuona kama kinafanya kazi, na baada ya kupima hujaribiwa tena.

4. Unganisha nyaya zote na ardhi. Stima ikirudi kwa njia yoyote, ipate njia ya kwenda ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu.

5. Kinga kilicho karibu. Kama kuna laini nyingine karibu ambayo bado ina moto, hufunikwa au kuwekewa mpaka.

Pamoja na hayo kuna kofia ngumu, mkanda wa kujifunga kwenye posti, viatu vya kazi, glavu za mpira zinazovaliwa ndani ya glavu za ngozi, na ngazi au vyuma vyenye meno vya kupandia. Kabla ya kupanda posti ya mti, fundi huigonga kwa nyundo na kuikagua pale inapoingia ardhini. Ikiwa imeoza ndani, haipandwi hivihivi.

Jamani, tuseme wazi: mafundi wengi wanaokufa wanaijua kazi. Wanakufa siku ile wameruka hatua moja kwa sababu mvua inakuja, au kwa sababu watu wamekusanyika chini wakipiga kelele, "Harakisha bwana, tunataka kuona mpira!" Kwa hiyo fundi akichukua saa nzima kufunga kufuli na kupima, mwacheni afuate hatua zake zote.

JENERETA YETU INAVYOWEZA KUUA

Hapa tunaomba kila kikundi kisikilize kwa makini, hasa vikundi vyenye mashine ya posho, friji ya maziwa, ukumbi au kanisa lenye jenereta.

Tumesema transfoma inashusha 11,000 kuwa 240. Lakini transfoma haijui mbele na nyuma. Ukiisukumia volti 240 kutoka upande wa nyumbani, inapandisha! Upande wa pili zinatoka maelfu ya volti.

Sasa fikiria. Stima imepotea. Mwenyekiti anasema, "Washa jenereta." Kijana anachukua waya wenye plagi pande zote mbili, anachomeka upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Lakini hakuzima swichi kubwa ya mita. Stima ya jenereta inatoka kwenye jengo, inapanda waya wa posti, inaingia transfoma kinyumenyume, na inatoka kwenye laini kubwa. Kilomita mbili kutoka hapo, fundi ameshika waya uliokatika. Kituoni wamezima, kufuli iko, kibali kiko. Moto umetoka kwenu.

Hii ndiyo sababu ya hatua ya tatu na ya nne. Lakini tusimwachie fundi mzigo wote. Dawa ipo, nayo ni chenjiova: swichi yenye upande wa stima ya kampuni na upande wa jenereta, iliyotengenezwa hivi kwamba pande hizo mbili haziwezi kuungana kamwe. Iwekwe na fundi mwenye laiseni. Waya wa plagi mbili ukatwekatwe na kutupwa, maana hata anayeuchomoa anaweza kushika ncha yenye moto. Sola na betri zenye mashine ya kubadilisha stima kuwa volti 240 ziwekewe kinga hiyohiyo, zisichomekwe kwenye soketi hivihivi.

MAMBO MENGINE YA KUANGALIA CHINI YA POSTI

Miti. Usipande mkaratusi au mgrevilea chini ya laini. Mti ulioshafikia waya usiukate mwenyewe, toa habari. Mti mbichi hupitisha stima, na ukianguka juu ya waya wewe uliyeshika panga uko hatarini.

Waya wa kuvuta posti. Si kamba ya kufungia mbuzi, wala bembea ya watoto. Anayeukata akauze chuma anaiacha posti ikingojea upepo.

Transfoma. Wanaoiba mafuta yake au shaba yake wanatuachia giza kwa wiki nyingi, na mafuta ya transfoma kuukuu yanaweza kuwa na sumu. Si ya kukaangia wala ya kupaka kidonda. Tukisikia transfoma inafunguliwa usiku na hatuoni gari la kampuni, tupige simu.

Kusambaza stima. Waya unaopitishwa juu ya ua au chini ya udongo kutoka kwa jirani haukupimwa na mtu. Fundi anayekuja kutengeneza laini haujui uko wapi, na watoto wetu ndio wanaoukanyaga kwanza.

Posti kuukuu. Usiipasue kuwa kuni. Dawa ya posti nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu. Moshi wake na majivu yake hayafai jikoni wala shambani.

Waya ulioanguka. Usidhani umekufa kwa sababu hautoi cheche. Laini nyingi zina swichi inayojirudisha yenyewe, kwa hiyo waya uliolala kimya unaweza kupata moto tena. Kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watu na mifugo, na piga simu ya dharura ya Kenya Power, 97771, ukitaja nambari iliyoandikwa kwenye transfoma au posti. Ardhi yenyewe huwa na stima kuuzunguka waya huo, na hiyo ndiyo sababu ng'ombe huanguka bila kuugusa: miguu yake ya mbele na ya nyuma imekanyaga mahali penye nguvu tofauti. Ukijikuta karibu, funga miguu pamoja na uondoke kwa kuburura nyayo kidogo kidogo, bila kupiga hatua ndefu.

Mtu akipigwa na stima ya nyumbani, zima swichi kubwa kwanza kabla ya kumgusa. Akiwa kwenye waya wa laini kubwa, usimkaribie hata kwa fimbo, mpaka laini izimwe na watu wa kampuni. Akishatolewa na hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari la hospitali.

KIJANA ANAYEITAKA KAZI HII

Njia ya kawaida ni kusomea umeme katika chuo cha ufundi, kuanzia cheti cha chini na kupanda. Kenya Power ina chuo chake cha mafunzo, Ruaraka, Nairobi. Aliyejifunza kazini naye hajaachwa nje. Mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, NITA, ina mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Anayefaulu hupata cheti ambacho mwajiri anakijua.

Laiseni ya kuunganisha stima majumbani hutolewa na EPRA, kwa madaraja. Lakini tuelewane vizuri: fundi wa nyumba, hata akiwa na laiseni, hana ruhusa ya kupanda posti ya kampuni kwa ajili hiyo. Laini ni mafunzo mengine na ruhusa nyingine. Kikundi kisimtume kijana wake juu kurudisha fyuzi eti kwa sababu "yeye ni fundi." Huko ni kumtuma kufa.

Waajiri ni Kenya Power, shirika la stima ya vijijini REREC, kampuni ya laini kubwa KETRACO, na wakandarasi wanaopewa kazi nao. Kazi hii inahitaji asiyeogopa urefu, mwenye afya, anayeweza kukaa mbali na nyumbani, na zaidi ya yote mwenye kusikia maagizo. Mlevi hafai, na mwenye kujionyesha hafai. Wasichana wanafaa, na wapo wanaopanda posti leo. Mzazi asimkatie bintiye tamaa.

Jihadharini na madalali. Anayesema atakununulia kazi kwa pesa za mkononi, au anayepita nyumba kwa nyumba akichanga pesa za "kurudisha transfoma," aulizwe kitambulisho cha kazi. Malipo halali hulipwa kwa kampuni yenyewe na huwa na risiti.

HAKI ZA KIBARUA

Vijana wetu wengi huanza kwa mkandarasi: kuchimba, kubeba posti, kuvuta waya. Posti ni nzito, na imewahi kuwaangukia wengi. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi bima. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka huohuo inamtaka awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza pesa. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, kijana aulize: Jina la kampuni ni lipi? Jina langu limeandikwa? Bima iko? Kofia na glavu ziko wapi? Nani amezima laini, na kibali kiko kwa nani?

Mzee wa kikundi anaweza kwenda naye siku ya kwanza. Mkandarasi akiona kwamba kijana ana watu nyuma yake, atamshughulikia kwa heshima. Na tuandike katika kitabu cha kikundi majina ya vijana wetu walio kazini na ya waliowaajiri. Mtu akiumia, familia isianze kutafuta ikiwa mikono mitupu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni jenereta na sola ngapi ziko katika kijiji chetu? Zimeunganishwa namna gani? Zipi hazina chenjiova, nasi tutachanga namna gani ili ziwekwe?

2. Tutembee chini ya laini yetu pamoja. Ni posti gani imeinama, mti gani umefikia waya, waya gani wa kuvuta posti umelegea au umekatwa? Nani atapiga simu, na ataandika wapi tarehe aliyopiga?

3. Je, kila mtoto wa shule anajua la kufanya akikuta waya umeanguka njiani?

4. Yuko kijana, wa kiume au wa kike, ambaye kikundi kinaweza kumsaidia kulipia mtihani wa NITA mwaka huu?

Jibuni swali la kwanza kabla ya mengine. Likijibiwa vizuri, kuna fundi tusiyemjua jina atakayeshuka posti salama usiku wa mvua na kurudi kwa watu wake.